Mzabibu wa Uani na Mkasi wa Bi Shuka

Kazini walimwita Bi Shuka, na jina hilo lilimganda kiasi kwamba ukimwita kwa jina alilopewa na wazazi wake hageuki. Maisha yake yote ya kazi yalipita katika chumba cha kufulia cha hospitali, kati ya mvuke, mabeseni na mashuka meupe yasiyokwisha. Angeweza kulitazama shuka lililoanikwa mbali akakuambia limefuliwa na mtu mwenye haraka. Na alikuwa na imani moja ambayo hakuna mashine wala msimamizi aliyewahi kumwondolea: nguo hukaushwa na jua.

"Shuka lililokaukia kivulini," aliwaambia wasichana wapya, "halijakauka. Limechoka tu kulowa."

Alipostaafu, magoti yake yalikuwa yameshastaafu kabla yake. Alikuwa amepanga chumba ghorofani, na ngazi zikawa kila siku zinaongezeka, au ndivyo alivyoona yeye. Binti yake, aliyekuwa muuzaji katika duka la dawa, akaja siku moja na gari la mizigo la mumewe, akapakia kitanda, sufuria na masanduku, kisha akamfungulia mlango wa mbele.

"Mama, panda. Mengine tutaongea nyumbani."

Bi Shuka akapanda shingo upande. Alisema anakwenda kwa muda tu, magoti yakitulia atarudi kwake. Binti akaitikia, "Sawa mama," kwa sauti ile ile anayowaitikia wateja wanaotaka dawa bila cheti.

Nyumba ya binti ilikuwa ndogo na nadhifu, na shida haikuwa nyumba. Shida ilikuwa mkwe. Si kwamba alikuwa mtu mbaya, la. Alikuwa fundi bomba, mrefu, mpole, mwenye mikono iliyojaa makovu ya koki na spana, na alimheshimu mama mkwe wake hadi heshima yenyewe ikawa kero. Bi Shuka akiingia sebuleni, fundi anainuka. Akiingia jikoni, fundi anakumbuka kitu alichokisahau nje. Wawili hao waliishi chini ya paa moja wakisalimiana kama watu waliokutana kwenye foleni ya benki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umeamkaje?"

"Salama, mama."

"Haya."

Basi. Hapo mazungumzo yamekwisha mpaka kesho.

Kitu pekee ambacho fundi alikizungumzia bila kuona haya kilikuwa mzabibu wake. Mteja mmoja, baada ya kutengenezewa bomba lake lililokuwa likivuja, alimpa kijiti kikavu kilichozungushiwa gazeti lililoloweshwa, akamwambia akichomeke ardhini aone. Fundi akakichomeka uani, karibu na mlango wa jikoni. Kilipotoa jani la kwanza alimwita mkewe kama mtu aliyepata mtoto. Kilipoanza kutambaa, akakusanya mabomba ya chuma yaliyobaki kwenye kazi zake, akayaunga kwa viungio vya kona, akasimamisha kichanja kutoka mlango wa jikoni mpaka ukuta wa jirani, na juu yake akapitisha waya. Kilikuwa kichanja ambacho tembo angeweza kukiegemea akajikuna mgongo. Jirani wa nyuma, kinyozi mwenye duka lake mbele ya nyumba na maneno mengi mdomoni, alichungulia juu ya ukuta akauliza, "Jirani, hicho kichanja ukikifungia koki, si maji yatatoka?"

Fundi hakujali. Aliulisha mzabibu ule kila alichosikia kinafaa: samadi, majivu, maji ya kuoshea mchele. Nao ukala, ukanenepa, ukafunika kichanja chote, ukaning'inia pembeni kama nywele za mtu asiyejua chanuo. Majani ukitaka, yapo. Zabibu, hata moja ya kumpa ndege hakuna. Miaka ilipita hivyo, na bado kila jioni fundi alisimama chini ya kichanja shingo ikiwa juu, akitafuta.

"Mwaka huu," alikuwa akimwambia mkewe. "Mwaka huu utaona."

Sasa basi, kamba ya kuanikia nguo ilipita chini ya kichanja kile kile. Ilifungwa hapo zamani, wakati jua lilipokuwa bado linafika. Wiki ya kwanza Bi Shuka alianika mashuka yake asubuhi, akayaanua jioni yakiwa baridi kama ulimi wa paka. Wiki ya pili alikuta doa la kijani kwenye foronya na zawadi ya ndege kwenye kanga. Akamfuata binti yake.

"Mwambie mume wako ayapunguze haya majani."

"Mama, si umwambie mwenyewe?"

"Nitamwambiaje? Nikitoka nje yeye anaingia ndani, nikiingia ndani yeye anatoka nje. Nimwandikie barua?"

Binti akacheka, akasema atamwambia, akasahau. Au pengine hakusahau. Pengine hakuwa na moyo wa kumwambia mtu apunguze kitu anachokipenda namna ile.

Bi Shuka akajikaza. Lakini ukweli ni kwamba hakuwa na kazi nyingine. Mikono iliyozoea kupindua mashuka ya wodi nzima sasa ilikuwa na vyombo vya watu watatu, na hata hivyo binti alimkataza kuviosha. Kufua nguo ndiyo kazi pekee aliyobakiwa nayo, na nguo zenyewe hazikukauka.

Siku yenyewe ilikuwa na jua zuri, jua la kuanikia hasa. Fundi na mkewe walikuwa kazini. Bi Shuka alikuwa amefua mapazia ya nyumba nzima. Mchana akatoka kuyageuza, akayakuta yanachuruzika vile vile. Akasimama hapo, akishika pindo lililolowa, akitazama juu, na wakati huo huo kiwavi mnene akaanguka kutoka kwenye majani, akaingia moja kwa moja kwenye kola ya gauni lake.

Hapo ndipo alipochemka.

Alipomaliza kuruka, magoti na yote, aliingia ndani akatoka na mkasi wake mkubwa, ule aliokuwa akichania mashuka makuukuu kuwa vitambaa vya kudekia. Wenzake wa kazini walimpa mkasi huo siku ya kumuaga. Akavuta kigoda, akapanda. Nia yake ilikuwa kufungua tundu dogo tu, la kupitisha jua. Akakata matawi kadhaa. Mwanga ukashuka kwenye pazia, mweupe, mtamu. Akaona upande mmoja sasa una mwanga na mwingine hauna, haipendezi, akasogeza kigoda. Akakata tena. Yale mashina manene yaliyopita juu ya waya mkasi uliyashindwa, akayaacha. Lakini vitawi vyote vilivyotoka kwenye mashina hayo, vyembamba na virefu, alivikata kimoja baada ya kingine, akiacha visiki vifupi kama vidole, maana aliona vitafaa kwa kutundikia mfuko wa vibanio vya nguo.

Mkasi ulipotulia, ua ulikuwa umejaa majani hadi kwenye vifundo vya miguu, na juu ya kichanja kulibaki mabomba, waya, na mashina machache yenye visiki. Mapazia yalikauka kabla hajaenda kunywa maji. Aliyashika, akayanusa. Yalinuka jua.

Kisha akageuka akaona alichofanya, na furaha yake ikaanza kupungua taratibu, kama beseni lenye tundu.

Fundi alirudi jioni na mfuko wake wa vifaa. Alipita jikoni, akafungua mlango wa uani, akasimama. Hakuuweka mfuko chini. Bi Shuka alikuwa ameketi pembeni ya jiko, ameandaa maneno, lakini maneno yote yaliingia mitini. Mkwe akashuka uani, akainama, akaokota tawi moja. Akaliweka pembeni. Akaokota jingine. Bi Shuka angependa afoke. Mtu akifoka unajua pa kushika.

Binti akaja, akatazama, akashika kichwa. "Mama! Umefanya nini?"

"Nilikuwa natafuta jua," alisema Bi Shuka kwa sauti ndogo.

"Jua? Mama, jua liko barabara nzima!"

Kabla hajajibu, kichwa cha kinyozi kikatokeza juu ya ukuta.

"Jirani! Mzabibu umepatwa na nini? Nani kafanya unyama huu?"

Bi Shuka akashikilia ukingo wa meza. Katika chumba cha kufulia, msimamizi akiuliza nani ameunguza shuka kwa pasi, kila kidole humwelekea mwenzake. Alijua vizuri kinachofuata.

Fundi akajinyoosha, tawi mkononi. "Nilimwomba mama anisaidie kuupunguza," alisema. "Ulikuwa umezidi kuwa mzito."

"Kuupunguza?" Kinyozi akaangua kicheko. "Jirani, mimi ni kinyozi, kupunguza nakujua. Huku ni kunyoa kipara!"

"Ndivyo nilivyotaka," akasema fundi, akarudi kuokota matawi yake.

Usiku huo Bi Shuka hakula vizuri. Angetukanwa angelala kama gogo. Lakini mtu aliyekatiwa naye furaha ya miaka alisimama mbele ya jirani akamkinga, wala hakugeuka kutazama kama amesikia. Hilo hakujua aliweke wapi.

Asubuhi, binti na mkwe walipokwenda kazini, alitoka kwenda kuutazama ule mti kwa mwanga wa jua ambalo sasa lilikuwepo tele. Akashtuka. Kwenye kila kisiki, pale mkasi ulipopita, palikuwa na tone la maji. Tone linajaa, linadondoka, jingine linajaa. Kichanja kizima kilikuwa kinalia kimya kimya.

"Jamani," alisema Bi Shuka. "Nimeuua."

Lakini hakuwa amekaa hospitali miaka yote ile bure. Akaingia ndani, akachana shuka lake kuukuu kuwa vipande vyembamba, akapanda kigoda, akaanza kufunga kisiki kimoja kimoja, kwa mkunjo na fundo kama alivyoona wauguzi wakifanya. Vile vitambaa vilikunywa maji, vikalowa, vikaanza kudondosha. Akavifungua, akavikamua, akafunga upya. Alikuwa bado juu ya kigoda, midomo imeshika vitambaa, fundi aliporudi kuchukua spana aliyoisahau.

Fundi akasimama mlangoni. Akatazama kichanja chake, kilichofungwa bendeji nyeupe kutoka mwanzo hadi mwisho. Akakaza midomo. Mabega yakaanza kutikisika. Akajaribu kukohoa. Mwishowe akashindwa, akakaa chini pale pale kizingitini, akacheka mpaka machozi.

"Mama," alisema alipopata pumzi, "umeulaza wodini?"

Bi Shuka akatoa vitambaa mdomoni. "Usinicheke, baba. Unavuja! Si wewe fundi wa kuzuia vitu vinavyovuja? Basi zuia!"

Akacheka tena, na safari hii Bi Shuka naye akajikuta anacheka, juu ya kigoda, akijishikilia kwenye bomba. Fundi akaja akamshika mkono akamteremsha. Ilikuwa mara ya kwanza tangu harusi wao wawili kusimama mahali pamoja bila mmoja wao kukumbuka kitu mahali pengine.

Siku hiyo fundi alipita kwenye duka la mbegu na dawa za mimea akiwa na picha kwenye simu. Muuzaji, mwanamke aliyekuwa na shamba lake la zabibu, aliikuza picha kwa vidole viwili, akauliza, "Hizi bendeji ni za nini?" Kisha akaitazama tena kwa makini. Akamwambia maji yale ni ya mizizi, yatakoma yenyewe, hakuna mtu anayekufa kwa ajili hiyo. Akamwambia zabibu hazitoki kwenye kichaka cha zamani. Hutoka kwenye machipukizi mapya, na machipukizi hayo hayaji mpaka tawi lililokomaa likatwe, libaki fupi, na macho yake machache ya kuchipulia. Na samadi aache kuumwagia, maana alikuwa anafuga majani.

Jioni fundi alifika hadi mlango wa jikoni, wala hakukumbuka kitu nje.

"Mama, yule muuza mbegu anasema umekata vizuri."

Bi Shuka akaacha kuosha kikombe. "Nani? Mimi?"

"Anauliza ulijifunza wapi."

Bi Shuka akajifuta mikono, akatazama huku na huku kuhakikisha binti hayupo karibu. "Baba, mimi nilikuwa naanika mapazia."

"Najua, mama."

"Na vile visiki niliviacha vya kutundikia mfuko wa vibanio."

Fundi akashika mlango kwa mikono miwili, akacheka kimya kimya, paji la uso likigusa mbao.

Wiki hiyo hiyo alimjengea kamba nyingine. Alichomeka mabomba mawili upande wa tangi la maji, ambako jua lilikaa kutwa nzima, akaweka kapi, ili mama avute kamba ishuke, aanike akiwa amesimama chini, kisha aivute ipande juu. Bi Shuka alianika shuka moja, akalipandisha, likapepea huko juu kama bendera. Akalishusha. Akalipandisha tena. Binti alipomuuliza kulikoni, alisema anaijaribu. Aliijaribu mpaka chakula kikawa tayari.

Na mzabibu? Mzabibu ulinyamaza kidogo, kisha ukavimba. Kwenye kila kisiki jicho lilifura, likapasuka, likatoa jani dogo lenye rangi ya waridi pembeni. Asubuhi moja fundi alimgongea mama mkwe dirishani, akamwita kwa kunong'ona, kana kwamba kitu chenyewe kinaweza kushtuka kikakimbia. Bi Shuka akatoka na kanga begani. Chini ya jani changa, mahali kikonyo kilipoanzia, palining'inia kitu kama kifagio kidogo cha kijani, chenye vichwa vidogo kuliko pilipili manga.

"Ndizo zenyewe?" akauliza.

"Ndizo zenyewe, mama."

Wakasimama wanazitazama. Vishada vilikuwa vingi, kila tawi na chake, mengine viwili. Fundi alivihesabu, akavihesabu tena, kisha akaenda kazini.

Kinyozi naye aliviona, kwa kuwa hakuna kitu ambacho kinyozi hakukiona. Yeye pia alikuwa na mzabibu, uliotokana na kipande alichopewa na fundi, nao ulikuwa majani matupu.

"Kumbe mama ni mtaalamu!" aliita kutoka juu ya ukuta. "Na mimi nilivyocheka siku ile! Mama, siri ni nini?"

Ukweli ulikuwa umefika kwenye ncha ya ulimi wa Bi Shuka. Lakini tangu astaafu hakuna mtu aliyekuwa amemwita mtaalamu wa chochote, na neno lenyewe lilikuwa na joto lake. Akaweka mkono kiunoni.

"Mzabibu," alisema, "hautaki kuonewa huruma."

Nyuma yake fundi aliinama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

"Basi njoo unikatie wangu, mama. Tafadhali sana!"

Hapo ndipo Bi Shuka alipojua amejitia kitanzi. Alimsubiri kinyozi aondoke, akamgeukia mkwe wake, macho yamemtoka. "Nifanyeje?"

"Si umesema hautaki huruma?"

"Baba, usinitanie!"

Wakaingia darasani. Fundi alichukua chaki akachora mzabibu sakafuni uani, mashina na vitawi, akamwonyesha macho yako wapi, lipi la kuacha na lipi la kuondoa. Bi Shuka alikuwa anasahau, anachanganya tawi la mwaka jana na la zamani. Mwishowe yeye mwenyewe akapata wazo. Siku ya kazi fundi alitangulia kwa kinyozi kwa kisingizio cha kukagua bomba la uani, na alipopita chini ya mzabibu alibana kibanio cha nguo kila mahali pa kukata. Bi Shuka akafika na mkasi wake mkubwa, mtulivu kama daktari wa upasuaji, akakata kwenye kila kibanio.

"Na hivi vibanio ni vya nini, mama?" kinyozi akauliza.

"Ndio utaalamu wenyewe," akajibu Bi Shuka bila kupepesa macho.

Alipomaliza, kinyozi aliutazama mzabibu wake mtupu, akameza mate, akasema, "Haya." Na kwa kuwa kinyozi ni kinyozi, kila kichwa alichokinyoa tangu siku hiyo kilipata habari za mama mtaalamu wa mizabibu.

Shida ni kwamba mzabibu wa kinyozi haukuchipua. Vishada vya fundi vilikuwa vimeanza kuwa na punje za kuonekana, na kule ng'ambo ya ukuta visiki vilikaa vikavu tu, havilii, havivimbi. Kila asubuhi kichwa kikatokeza.

"Mama, bado."

"Subira," alijibu Bi Shuka.

"Mama, bado hata leo."

Ikafika hatua akawa anaanika nguo wakati anaosikia mashine ya kunyolea ikinguruma, maana anajua kinyozi ana mteja kitini. Akienda dukani alizunguka njia ya nyuma, magoti yakimlalamikia. Usiku alilala akihesabu visiki vya watu.

"Nitamwambia ukweli," alimwambia fundi.

"Kwanza twende tukautazame," akasema fundi. "Kitu kikigoma, unaanza chini."

Wakaenda wote wawili. Fundi akachokonoa udongo kwa bisibisi. Ulikuwa umelowa vizuri, hauna kosa. Lakini Bi Shuka, aliyekuwa amesimama nyuma yake, alipandisha pua. Akanusa tena. Harufu ile alikuwa ameishi nayo. Ilikuwa imemla ngozi ya vidole kwa miaka.

"Baba kinyozi, hapa unamwagia nini?"

"Maji tu, mama."

"Maji gani?"

"Ya dukani. Ninayoloweshea vitana na mikasi."

"Yana dawa?"

"Kidogo. Ile ya kuua vijidudu. Nikaona itausaidia, si itaua na wadudu?"

"Itaua wadudu, itaua mzabibu, na ukiendelea itakuua na wewe! Hiyo ndiyo dawa ya kung'arishia mashuka, mwanangu. Umeugeuza mzabibu wako foronya!"

Kinyozi akashika mdomo. Fundi hakucheka, kwa juhudi kubwa. Siku nzima ile walichimba udongo wa juu wakautupa, wakaleta mwingine, fundi akavuta mpira wa maji kutoka kwake akaifua ardhi hiyo kama shuka la wodi, chini ya usimamizi wa Bi Shuka aliyeketi kwenye kiti cha kinyozi kilicholetwa uani kwa heshima yake. Mzabibu ule ulichukua muda wake, lakini ulichipua. Siku ulipochipua, kinyozi alimwacha mteja na kichwa kilichonyolewa nusu, akaja kupiga kelele ukutani. Matunda haukutoa msimu huo, ila kinyozi hakulalamika. Alikuwa na hadithi, na kwake hilo lilikuwa jambo kubwa zaidi.

Zabibu za fundi zilipoanza kubadilika rangi, ndege waligundua kabla ya watu. Bi Shuka akashona vifuko vya kitambaa chepesi, akafunga kila kishada ndani ya chake, na kichanja kikaonekana kama watoto wengi wamening'iniza soksi. Uvumilivu ukawa mgumu. Jioni moja binti, aliyekuwa amechoka na mambo ya zabibu zisizoliwa, alifungua kifuko kimoja akachuma punje akaitia mdomoni. Jicho moja likafumba lenyewe. Uso ukajikunja kama karatasi.

"Vipi?" fundi akauliza kwa matumaini.

"Nzuri," alisema binti, akitafuta pa kutemea.

Wakakubaliana kusubiri. Na waliposubiri kweli, zikawa nyeusi, zenye ungaunga wa kijivu juu, laini, tamu kiasi cha kunatisha vidole. Fundi alikata kishada cha kwanza, akakitia kwenye sahani, akakileta kwa mikono miwili mbele ya mama mkwe wake.

"Hapana, baba. Mti ni wako, anza wewe."

"Mama, bila wewe nisingepata kitu."

"Bila mimi ungekuwa na kivuli. Kula."

"Siwezi kula kabla yako, mama."

"Na mimi siwezi kula kabla ya mwenye mti."

Sahani ikaenda na kurudi mpaka binti alipoichukua katikati yao, akakaa nayo kwenye kizingiti, akaanza kula bila kuuliza mtu. Walimtazama kidogo, kisha wakakaa huku na huku kwake, wakanyoosha mikono.

Habari ya kurudi kwenye chumba cha kupanga haikuzungumzwa tena. Magoti hayakupona, lakini hayakuulizwa. Watu wa mtaa walizoea kumwona Bi Shuka akipita na mkasi kwapani, na fundi nyuma yake amebeba kigoda na mfuko wa vibanio, ingawa siku hizi vibanio vilikuwa ni kwa ajili ya sura tu. Bi Shuka alikuwa ameijua kazi. Aliweza kugusa tawi kwa kidole gumba akasema hili limekomaa na hili bado, na mara nyingine alikuwa sawa.

Msimu uliofuata wa kukata, binti alikuwa jikoni anakaanga mayai aliposikia sauti zimepanda uani.

"Mama, hilo liache!"

"Niliache la nini? Limekaa kama mkono wa mlevi."

"Lina macho mazuri, hebu tazama."

"Macho mazuri lakini linaelekea wapi? Linaelekea kwa kinyozi! Umempandia kinyozi au umepanda kwako?"

"Mama, nakuambia tutajuta."

"Baba, na mimi nakuambia shika kigoda vizuri, kinayumba."

Binti alipunguza moto, kisha akapunguza na redio. Tangu harusi alikuwa akingoja siku watu wawili hawa wagombane kama watu wa nyumba moja, naye hakutaka limpite hata neno.